Mapaa ya Askari: Toka Vigae vya Warumi hadi Bati la Boma

Watu wengi wakitaka kuijua ngome ya kale huanza kwa kuzitazama kuta zake. Huupima unene wake, huyahesabu matundu ya bunduki, na huuliza mawe yalitoka wapi. Ni wachache wainuao macho hadi penye paa. Huenda sababu ni kwamba kuta hudumu, ilhali paa huoza, huungua au huibwa, hata mgeni afikapo baada ya miaka mia hukuta kuta tupu. Lakini kwa askari aliyelala ndani, paa lilikuwa na maana ileile ya ukuta. Ukuta ulimzuia adui. Paa lilizuia mvua, jua na, zaidi ya yote, moto. Si ngome chache ambazo kuta zake zilisimama imara huku zikiteketea kutoka juu.

Makala haya yanachunguza vifaa vya kuezekea majengo ya kijeshi, tangu yale ya Warumi wa kale hadi yale ya kikoloni katika nchi yetu. Tutaanzia Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako liko Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900. Tangu mwaka 1987 Boma hilo limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe, na wanafunzi wa shule za jirani hupelekwa huko kuwatazama wanyama, wadudu na mabaki ya watu wa kale. Tungependa walimu wao, watakapowapeleka tena, watenge dakika chache za kulitazama jengo lenyewe: kuta zake nene zilizopakwa chokaa, na juu yake mapaa ya mteremko yaliyoezekwa kwa bati. Kwa nini mahali hapa, penye nyasi na migomba tele, jeshi lilitafuta kitu kingine cha kuezekea?

NYUMBA ZILIZOTANGULIA BOMA

Kabla ya Boma, miteremko ya Meru ilikuwa imejaa nyumba za Wameru na Waarusha, zilizojengwa kwa miti na kuezekwa kwa nyasi au kwa majani makavu ya migomba. Tusizidharau nyumba hizo. Aliyezibuni aliielewa hali ya hewa ya mlima kuliko mafundi wengi waliokuja baadaye.

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Usiku wa mwezi wa Julai baridi hupenya mifupani. Ezeko la nyasi lenye unene wa sentimita 20 au 30 limejaa hewa iliyonaswa katikati ya mabua, na hewa isiyotembea ni kipitishaji duni sana cha joto. Moto mdogo wa jikoni na joto la ng'ombe waliolala ndani vilitosha kuifanya nyumba iwe vuguvugu hadi alfajiri. Moshi nao ulifanya kazi yake: uliyakausha majani na kuwafukuza wadudu, hivyo paa likaishi miaka mingi kuliko lingeishi kama lingeachwa bila moto chini yake.

Sharti la paa la nyasi ni mwinamo mkali. Nyasi hazizuii maji kama kifuniko cha sufuria, huyaongoza tu. Tone la mvua likitua juu ya bua hulifuata bua hilo hadi kwenye bua la chini yake, na hivyo hivyo mpaka ukingoni. Paa likiwa na mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi, maji hufika ukingoni kabla hayajapenya. Likilala sana, maji huzama ndani na nyasi huoza. Ndiyo maana nyumba za msonge zina kichwa kirefu kilichochongoka. Haukuwa urembo.

Lakini nyasi zina kasoro moja ambayo hakuna fundi awezaye kuiondoa. Gogo la mti la kilo 20 ni vigumu kuliwasha kwa kiberiti, kwa kuwa eneo la uso wake linalogusana na hewa ni dogo ukililinganisha na uzito wake. Kilo 20 za nyasi kavu zina uso mkubwa mara nyingi zaidi, na hewa imo tayari katikati ya mabua. Cheche moja hutosha. Tena paa likiwa na mteremko mkali, miali inayopanda huyakausha na kuyawasha majani yaliyo juu yake, basi moto hupanda upesi kuliko mtu awezavyo kupanda ngazi.

Udhaifu huo ulitumiwa kama silaha dhidi ya wenyeji wa Meru. Mwezi Oktoba mwaka 1896, wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa walipokuwa wamepiga kambi huko Meru. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa na makao yake Moshi, aliongoza majeshi ya kulipiza kisasi. Ng'ombe walitekwa, migomba ikakatwa, nyumba zikachomwa moto. Mapigano na ukandamizaji viliendelea hadi mwezi Machi 1900, ambapo viongozi 19 walinyongwa huko Moshi. Mashuhuri kati yao ni Mangi Meli wa Moshi, na pamoja nao walikuwamo viongozi wa Meru na Arusha. Katika mwaka huohuo Boma la Arusha lilisimamishwa, na waliolazimishwa kufanya kazi hiyo ni watu walewale ambao mapaa yao yalikuwa yamegeuzwa kuwa majivu.

Jeshi ambalo limechoma nyumba za nyasi kwa miaka minne linajua vizuri mno jinsi zinavyowaka. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Katika Vita vya Maji Maji, mwezi Agosti 1905, boma la Liwale lilishambuliwa na wapiganaji likateketezwa kwa moto. Wapiganaji wa kusini hawakuwa na mizinga ya kubomolea kuta. Hawakuihitaji.

WARUMI WALIKWISHA KUUNGUZWA

Somo hilo ni la zamani sana. Mwaka 54 kabla ya Kristo, majeshi ya Julius Caesar yalikuwa yakipitisha majira ya baridi katika nchi ya Gaul, yaani eneo la Ufaransa na Ubelgiji za leo. Kambi mojawapo, iliyokuwa chini ya Quintus Cicero, ilizingirwa na kabila la Nervii. Caesar mwenyewe ameeleza yaliyotokea katika kitabu chake juu ya vita vya Gaul. Siku ya saba ya mazingira hayo upepo mkali ulivuma, na Wanervii wakaanza kutupa kwa kombeo vidonge vya udongo wa mfinyanzi vilivyookwa hadi vikawa vyekundu, pamoja na mikuki iliyopashwa moto, juu ya vibanda vya askari. Vibanda hivyo vilikuwa vimeezekwa kwa nyasi kama nyumba za wenyeji wa huko. Vilishika moto mara moja, na upepo ukausambaza kambi nzima. Askari waliokoka kwa kuwa hawakuondoka ukutani kwenda kuziokoa mali zao.

Mwalimu wa fizikia angalie hapo jinsi kidonge cha udongo kilivyochaguliwa. Udongo uliookwa hupoteza joto lake polepole, haupasuki upesi unapopashwa moto, na ukitua ndani ya nyasi huzama, ukazungukwa na hewa na mabua makavu. Hiyo ni silaha ya watu waliolifahamu paa la nyasi tangu utotoni.

Jeshi la Kirumi lilipokuwa safarini lililala ndani ya mahema ya ngozi. Lilipokaa mahali kwa muda lilijenga vibanda vya mbao, na kuezeka kwa chochote kilichopatikana karibu: nyasi, vibao vilivyopasuliwa, au mawe bapa. Lakini ngome ilipokusudiwa kudumu, kifaa kilichopendwa kilikuwa kigae cha udongo uliochomwa. Warumi walitumia vigae vya namna mbili kwa pamoja. Cha kwanza, walichokiita tegula, kilikuwa bapa, chenye kingo mbili zilizoinuliwa kama sinia. Cha pili, imbrex, kilikuwa kama mwanzi uliopasuliwa katikati, nacho kililazwa kifudifudi juu ya kiungo cha vigae viwili vya bapa, maji yasipenye. Vingi vilishikiliwa na uzito wao tu na msuguano. Kwa hiyo paa halikuweza kuwa na mteremko mkali, maana vigae vingeporomoka. Linganisha na nyasi: kifaa kimoja hudai mwinamo mkali, kingine hukataa.

Kazi ya kutengeneza vigae ilikuwa ya askari wenyewe. Kila jeshi kubwa, walilolita legioni, lilikuwa na mafundi wake na matanuri yake, na kigae kilipokuwa bado kibichi kiligongwa mhuri wa jeshi hilo. Hata hapa barani Afrika, huko Lambaesis katika nchi ya Algeria, kumepatikana vigae vyenye mhuri wa Legioni ya Tatu Augusta iliyolinda mipaka ya Warumi kaskazini mwa Afrika. Huko Uingereza, Legioni ya Ishirini, iliyokuwa na makao yake Chester, ilijenga kiwanda cha vigae mahali paitwapo Holt, kando ya mto Dee, yapata kilomita 13 juu ya ngome. Alama ya legioni hiyo ilikuwa nguruwe mwitu, na picha yake imepatikana kwenye vigae vya urembo vilivyowekwa ukingoni mwa paa. Kwa wanahistoria mihuri hiyo ni hazina, maana paa likianguka na mbao zikaoza, vigae hubaki ardhini na kutaja ni jeshi gani lililolala chini yake.

Kwa nini kiwanda kiwe kando ya mto? Jibu ni uzito, nalo linaturudisha Arusha.

HESABU YA MIZIGO

Chukua kigae bapa cha Kirumi chenye urefu wa sentimita 45, upana wa sentimita 33 na unene wa sentimita 2.5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 3,700 hivi. Udongo uliochomwa una densiti ya gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo. Basi kigae kimoja kina kilo 6.7. Ukijumlisha vigae vya mgongo na sehemu zinazolaliana, utaona kuwa kila mita ya mraba ya paa ilibeba kilo 70 au karibu na hapo. Paa la mita za mraba 200, yaani bweni moja la wastani, lilikuwa na tani 14 za vigae. Mashua mtoni hubeba mzigo huo bila shida. Nchi kavu mambo ni mengine.

Mwaka 1900 hapakuwa na reli hata moja iliyofika Arusha. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imepita Voi, na ile ya Tanga ilikuwa bado katika nyanda za chini za Usambara; haikufika Moshi mpaka 1911, na Arusha mpaka 1929. Mbung'o na maradhi ya mifugo viliuzuia usafiri wa mikokoteni katika njia nyingi. Kitu kilichotoka pwani kilibebwa kichwani au begani na mpagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 30 hivi. Kwa kipimo hicho, bweni letu la vigae vya Kirumi lingehitaji mizigo 467. Vigae vyepesi zaidi vya Mangalore, ambavyo Wamisionari wa Basel walianza kuvitengeneza kiwandani huko India mwaka 1865 na ambavyo vilikuja kuezeka majumba mengi ya pwani yetu, vina kilo 45 hivi kwa mita ya mraba: bado ni mizigo 300.

Njia nyingine ni kuyatumia yaliyopo. Pwani, wajenzi wa Kiswahili walikuwa na ufundi wao wa karne nyingi: boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vikapangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha chokaa ikamwagwa na kupondwapondwa mpaka ikawa ngumu. Paa la namna hiyo haliungui, na mlinzi anaweza kutembea juu yake. Lakini boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda chini ya mzigo huo, na kwa hiyo vyumba vya majumba ya mawe ya pwani ni virefu na vyembamba. Aidha mikoko na matumbawe havipatikani Meru.

Bara, Wagogo, Wahehe na wengine walikuwa na tembe, yaani nyumba yenye paa bapa la miti iliyofunikwa kwa udongo. Kwa vita hilo lilikuwa paa la kuogopwa. Mkwawa aliijaza ngome yake ya Kalenga nyumba za namna hiyo, na majeshi ya Wajerumani yalipoivamia tarehe 30 Oktoba 1894 yalilazimika kupigana nyumba kwa nyumba hata baada ya kuupita ukuta. Udongo hauwaki. Tena unene wa sentimita 20 unaweza kuimeza nguvu ya vitu vingi vinavyorushwa kutoka juu.

Ila udongo una gharama yake. Sentimita 20 za udongo, kwa densiti ya 1.6, ni kilo 320 kwa kila mita ya mraba: karibu mara tano ya vigae vya Kirumi. Nao ukilowa huwa mzito zaidi, ndiyo maana tembe huhitaji nguzo nyingi ndani. Dodoma, inayopata wastani wa milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, paa hilo linavumilika likikarabatiwa kila msimu. Miteremko ya kusini ya Meru hupata mvua nyingi zaidi, na masika yake, toka Machi hadi Mei, yanaweza kunyesha siku baada ya siku bila udongo kupata nafasi ya kukauka. Paa la tembe hapo lingegeuka tope.

KARATASI ILIYOKUNJWA

Sasa tufikie bati. Kwanza neno lenyewe, maana huwachanganya wanafunzi. Katika kemia, bati ni elementi ya Sn, metali laini yenye kuyeyuka upesi. Bati la kuezekea halina elementi hiyo hata kidogo. Ni chuma kilichopakwa zinki. Lugha ya mtaani imevipa vitu viwili jina moja, na sidhani kama kuna haja ya kuirekebisha, mradi mwanafunzi ajue yuko katika somo gani.

Bati la migongo lilibuniwa na mhandisi wa Kiingereza, Henry Robinson Palmer, aliyelipatia hataza mwaka 1829 akiwa mhandisi wa bandari huko London. Ubunifu wake unaweza kuonyeshwa darasani kwa karatasi moja ya daftari. Ilaze karatasi juu ya vitabu viwili vilivyoachana kidogo. Itadidimia kwa uzito wake wenyewe. Ikunje migongo midogomidogo, uiweke tena, nayo itabeba kalamu kadhaa. Karatasi ni ileile, haikuongezwa kitu. Kilichobadilika ni kwamba sehemu kubwa ya karatasi sasa imesogea mbali na mstari wa katikati, ama juu ama chini yake, na nguvu ya kitu ya kukataa kupinda huongezeka kwa mraba wa umbali huo. Ukipiga hesabu kwa bati lenye unene wa milimita 0.6 na migongo yenye kimo cha milimita 18, utakuta kwamba ugumu wake wa kutopinda umeongezeka zaidi ya mara 1,000 kuliko likiwa bapa.

Chuma kitupu kingeliwa na kutu katika masika machache. Dawa ilipatikana mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipopata hataza ya kukichovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka. Wengi hudhani zinki ni kama rangi, kwamba inafunika tu. Inafanya zaidi ya hivyo. Zinki hupoteza elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Basi bati likikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, na maji yakaingia hapo, inayoliwa ni zinki ya pembeni, na chuma husalimika maadamu zinki ipo karibu. Mwanafunzi atazame jedwali la elektrodi: zinki volti −0.76, chuma −0.44. Zinki imejitoa mhanga. Zinki ikiisha ndipo kutu huanza, kwa kawaida kwenye matundu ya misumari na mahali mabati yanapolaliana, kwa sababu hapo maji hukawia.

Turudi kwenye hesabu ya mizigo. Bati la milimita 0.6 lenye urefu wa futi 8 lina kilo 9 hivi, na paa lililokamilika huwa na kilo 6 kwa mita ya mraba. Bweni letu la mita za mraba 200 ni kilo 1,200 tu: wapagazi 40. Vigae vya Kirumi vilitaka 467. Aidha paa jepesi halihitaji kenchi nzito, na bati hukubali mteremko mdogo au mkubwa upendavyo. Haliwaki. Na kwa kuwa adui waliomwogopa alikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache, wala hakuwa na mizinga, haikudhuru kwamba bati haliwezi kuzuia risasi, sembuse kombora. Ukuta mnene pamoja na paa jembamba: jengo la namna hiyo linatueleza waziwazi mjenzi wake alimwogopa nani, na kwa silaha gani.

Kwa faraja ya mkaaji, bati ni hatua ya kurudi nyuma. Mchana hupokea mionzi ya jua na kuipitisha ndani kama joto. Usiku usio na mawingu huangaza joto lake kuelekea angani, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka, hata mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone chini yake na kuwadondokea. Mvua ikinyesha, mwalimu hunyamaza. Mapaa ya bati yasiyo na dari yamejaa katika shule zetu, na yeyote aliyefundisha chini yake saa nane mchana au wakati wa mvua ya mawe hahitaji maelezo zaidi. Bibi kizee wa Meru aliyehama toka msonge kwenda nyumba ya bati akasema nyumba mpya ni ya baridi, alisema jambo ambalo kipimajoto kingelithibitisha.

PAA NA KISIMA

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo paa la nyasi halikuweza kulifanya vizuri, nalo kwa watu wa Meru lina uzito kuliko habari zote za moto. Ni maji.

Walinzi wa ngome iliyozingirwa hufa kwa kiu kabla ya kufa kwa njaa. Kwa hiyo wajenzi wa ngome wamelitazama paa kama kisima tangu zamani. Ndani ya Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lipo birika la kuhifadhi maji ya mvua. Nyasi na majani ya migomba huyatia maji rangi, vumbi na vijidudu. Kigae, chokaa na bati huyatoa karibu kama yalivyoanguka.

Jirani na Arusha, Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano. Miamba na majivu yake yana sodiamu na floraidi nyingi, na kalsiamu chache. Kama kalsiamu ingekuwa nyingi majini, ingeungana na floraidi na kutuama. Kwa kuwa ni haba, floraidi hubaki imeyeyuka. Mto wa Maji ya Chai, ambao jina lake linatokana na rangi yake, pamoja na Ngarenanyuki, ina floraidi inayozidi miligramu 10 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Tanzania ilipoweka kiwango chake cha muda mwaka 1974 iliruhusu hadi 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Baadaye ikateremsha hadi 4, na sasa ni 1.5.

Matokeo yanaonekana katika tabasamu za watu wengi wa sehemu hizo: meno yenye madoa ya kahawia. Hilo hutokea wakati gamba la jino linapojengwa chini ya ufizi, hasa kabla ya mtoto kutimiza miaka minane. Mwanafunzi wa sekondari mwenye meno hayo hatayaponya kwa kubadili maji leo. Lakini floraidi ikiendelea kuingia mwilini kwa miaka mingi hujikusanya katika mifupa, ikaikaza na kuipinda. Na mdogo wake aliyeko nyumbani bado hajaota meno ya utu uzima. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, nje ya Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi kuiondoa floraidi kwa kuyachuja maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mbinu hiyo inafaa, ila mkaa huchoka na hapana budi ubadilishwe kwa wakati wake.

Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Basi na tulihesabu paa la darasa moja, lenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 7 ukilipima kwa kivuli chake ardhini: mita za mraba 63. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ambayo si nyingi kwa Arusha, italeta lita 50,400. Tutoe sehemu ya tano kwa yale yanayorukia nje, yanayovuja na yanayokauka. Zinabaki lita 40,000 hivi. Wanafunzi 40 wakinywa lita mbili kila mmoja kwa siku 200 za masomo watatumia lita 16,000. Maji yapo, tena yanazidi mara mbili.

Ugumu uko katika kuyaweka. Mvua ikikoma mwishoni mwa Mei, paa halitoi kitu mpaka vuli. Tukichukua siku 90 za masomo katikati ya kiangazi hicho, wanafunzi wetu 40 watahitaji lita 7,200, na kwa tahadhari tanki liwe la lita 10,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kwa kuwa inafua vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kuikinga, lenye kizibo cha kufunguliwa chini, linaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa mabomba. Tanki lifunikwe mbu wasizaliane. Paa lililopakwa rangi yenye risasi halifai kabisa kwa maji ya kunywa. Na mifereji ya ukingoni ipewe mteremko kuelekea tankini, sentimita moja hivi kwa kila mita mbili, ili maji yasituame humo na kuoza pamoja na majani.

Wanafunzi wanaweza kuanza na futi kamba na daftari. Pima kivuli cha kila paa la shule, andika ni la kifaa gani na lina mteremko wa nyuzi ngapi, kisha weka kikopo cha kupimia mvua mahali pa wazi na usome kila asubuhi saa tatu, toka siku ya kwanza ya masika hadi ya mwisho.